Baruti uliyoipima haitakuambia kitu

*Swali: Shikamoo kaka. Niko Houston mwaka wa sita sasa, na kila Novemba nawinda kulungu kule Llano na jamaa wa kazini. Bunduki yangu ni .30-06 ya bolti, mtutu inchi 22, na inazipenda Hornady American Whitetail zenye kichwa cha greini 150 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) kuliko risasi nyingine yoyote niliyowahi kuipa. Shida ni kwamba dukani leo zipo, kesho hazipo. Nimenunua presi (mashine ya kujazia risasi) na dai (vyuma vyake vya kurudishia ganda umbo) za mtumba, nikang'oa kichwa cha risasi moja, nikaimwaga baruti na kuipima kwenye mizani. Ninunue baruti gani inayofanana na hii nijaze uzito ule ule? Picha yake hii hapa.*

Marahaba mdogo wangu. Picha nimeiona. Vijiti vifupi vya kijivu, kila kimoja kama kipande cha njiti ya kiberiti kilichokatwa na mchwa. Umepiga vizuri, hata mizani inasomeka. Lakini jibu ni hili: hakuna baruti ya kununua kwa kufananisha, na uzito ulioupata usiuandike popote. Hicho kidogo ulichokimwaga kanyunyizie maua ya mama watoto, kina naitrojeni, kitayafaa.

Nakwambia hivyo kwa sababu kiwanda hakinunui baruti kama mimi na wewe. Wewe unaenda dukani unanunua kopo la ratili moja lenye jina na namba. Mwenye kopo lile amehakikisha kwamba la mwaka huu linaungua kwa mwendo ule ule wa la mwaka jana. Anachanganya matoleo mpaka yalingane, maana anajua mnunuzi hana chombo cha kupimia presha, ana kitabu tu. Kiwanda cha risasi kinanunua kwa mapipa. Toleo likifika linaungua haraka kidogo au polepole kidogo kuliko lililopita, nao hawajali. Wana mtutu wa majaribio wenye kihisi cha presha, wanapiga, wanasoma, wanapunguza au wanaongeza mpaka risasi itoke na kasi iliyoandikwa kwenye sanduku bila kuvuka kikomo. Kwa hiyo sanduku ulilonunua Oktoba na lile utakalonunua Machi yanaweza kuwa na uzito tofauti wa baruti ndani, pengine hata baruti yenyewe si ile ile, na yote mawili yakapiga sawasawa.

Kwa macho baruti za vijiti kama hizi hazitofautiani. Nina makopo manne hapa kwenye rafu, nikikumwagia kijiko kimoja cha kila moja kwenye karatasi nyeupe hutajua ipi ni ipi, na mimi sitajua. Na si macho tu, hata majina yanadanganya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti za jeshi zilizobaki akawauzia wapigaji wa kawaida. Mojawapo ilikuwa 4831, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20. Mpaka leo kuna H4831 na kuna IMR 4831. Namba moja, herufi tu ndizo zimebadilika, lakini ya IMR inaungua haraka zaidi. Mtu akichukua uzito wa juu kabisa wa ile ya kwanza akaujaza ya pili, presha inapita kikomo. Sasa kama kopo lenye jina linaweza kukupoteza hivyo, vipi vijiti visivyo na jina?

Na hapa tunazungumzia presha ya namna gani? Kikomo cha .30-06 kilichowekwa na SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, ni psi 60,000, yaani ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina psi kama 32. Tena hiyo 60,000 inatokea sentimita chache tu mbele ya shavu lako.

Basi ukitaka risasi yako ilingane na ya kiwandani, acha kuiga kilichomo ndani. Iga kinachotoka mtutuni: kichwa kile kile, kwa kasi ile ile, kinachogonga pale pale.

Jambo hili sikulijifunza Texas. Mjomba wangu alikuwa mfuatilia nyayo kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii kule Rungwa, na likizo za shule nilikuwa nakwenda kambini kwake kuosha vyombo. Mzungu mmoja pale alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .470, ya Kiingereza, kuukuu kuliko mimi na mjomba tukijumlishwa. Bunduki za aina ile mitutu yake imeunganishwa ikielekeana kidogo kwa mbele, na fundi alikuwa anaipiga, anayeyusha lehemu inayoshika mitutu, anaisogeza, anaipiga tena, mpaka mtutu wa kulia na wa kushoto vigonge mahali pamoja kwa risasi ya aina moja tu: kichwa cha greini 500 kwa futi 2,150 kwa sekunde. Risasi ikitoka polepole kuliko hapo, bunduki inakuwa imeshageuzwa na teke lake kabla kichwa hakijatoka mdomoni, basi wa kulia unapeleka kulia na wa kushoto unapeleka kushoto. Ikitoka haraka mno, zinapishana kama mkasi. Yule bwana alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe huko kwao na kuja nazo, maana Kynoch wa Uingereza walikuwa wameacha siku nyingi kutengeneza risasi za bunduki zile.

Risasi ya zamani ya .470 ilijazwa kordaiti, baruti ya zamani ya nyuzi kama tambi, greini 75. Kordaiti haiuzwi tena. Waliojaza kwa baruti za kisasa walikuta kwamba kufikia futi zile zile 2,150 wanahitaji uzito mkubwa zaidi kwa mbali, kutegemea baruti yenyewe. Mtu aliyeng'ang'ania greini 75 kwa sababu mizani ilimwambia hivyo alipata risasi dhaifu na mitutu inayotazama pande mbili. Aliyetumia namba 75 kwa baruti ya haraka, huyo sijui kama alibaki na vidole. Waliofanikiwa ni wale waliosimama na kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, na kipande cha karatasi yenye shabaha, wakapanda polepole mpaka mitutu ikagonga pamoja. Nawe utafanya hivyo hivyo, ila wewe una mtutu mmoja na kazi yako ni rahisi.

Anza na kronografu. Ya kuazima inatosha. Kabla hujajaza hata risasi moja, chukua kumi za Hornady ulizobakiza uzipige mbele yake, uandike kila moja. Sanduku linasema futi 2,910 kwa sekunde. Hutaiona. Namba ile imetoka kwenye mtutu wa inchi 24, wako ni 22, na kwa .30-06 kila inchi inayopungua inachukua futi kama 20 au 25 hivi. Halafu kila mtutu una tabia yake. Ukipata 2,850 usilalamike, hiyo ndiyo kasi halisi ya risasi unayoipenda ndani ya bunduki yako, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Wapo wanaokazana kuifikia namba ya sanduku kwa mtutu mfupi. Wanapanda na kupanda, na wanachokiongeza ni presha tu. Kwa kulungu aliye yadi 300, bunduki ikiwa imewekwa sawa kwa yadi 100, tofauti ya kushuka kati ya 2,910 na 2,850 haifiki inchi moja. Mkono wako ukiwa na baridi ya asubuhi unatetemeka zaidi ya hapo.

Siku hiyo hiyo okota maganda yako yote, usimwachie mtu hata moja. Ganda lililopigwa ndani ya chemba yako, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, limejinyoosha likachukua umbo la chemba hiyo, na ndilo ganda bora utakalowahi kuwa nalo. Usichanganye na ya kampuni nyingine, na hasa usichanganye na maganda ya jeshi. Yale mara nyingi kuta zake ni nene, nafasi ya ndani ni ndogo, kwa hiyo baruti ile ile inaleta presha zaidi. Hili limewashinda wengi, kwa kuwa kwa nje yako sawa.

Kichwa ni rahisi kwako, una bahati. Hornady wanauza kichwa hicho hicho, InterLock cha greini 150, kwenye visanduku. Ungekuwa umeipenda risasi yenye kichwa ambacho kiwanda hakikiuzi chenyewe, ningekwambia utafute kinachokaribia na uridhike. Angalia tu umbo liwe lile lile, maana chenye ncha ya plastiki na chenye ncha ya madini ya risasi tupu ni vitu viwili hata kama uzito ni mmoja. Kwa urefu, pima risasi tano za kiwandani kwa kalipa (kipimio cha urefu mdogo), uchukue wastani, na ukalishe chako hapo hapo. Kikomo cha urefu wa .30-06 nzima ni inchi 3.340, za kwako zitakuwa fupi kuliko hapo na usiwe na haraka ya kuzirefusha. Utasoma mahali kwamba kichwa kikikaribia mifereji ya mtutu shabaha inakaza. Kweli, mara nyingine. Lakini kichwa kikigusa mifereji kabisa presha inapanda, na wewe unatafuta kulingana, hutafuti kombe.

Sasa baruti. Nunua kitabu cha karibuni cha Hornady wenyewe, kwa kuwa kichwa ni chao, ufungue ukurasa wa .30-06, greini 150. Utakuta baruti nyingi. Chagua iliyo katikati kwa mwendo, familia ya 4064 au 4350, inayojaza ganda karibu mpaka shingoni. Sababu yangu ya kupenda ganda lililojaa ni ya woga: ukisahau na kumwaga mara mbili, baruti inafurika mezani na unaiona. Baruti ya haraka inayokaa chini ya ganda kama chai ya mgonjwa kwenye kikombe, hiyo ukiimwaga mara mbili hutajua mpaka siku ya pili. Uzito sikuandikii hapa, na mtu yeyote atakayekuandikia kwenye ujumbe wa simu mshukuru kisha ufute. Kitabu kinakupa uzito wa kuanzia na uzito wa mwisho, kwa ganda lililotajwa, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyotajwa na kichwa kilichotajwa. Ukibadilisha fataki ya kawaida ukaweka ya magnamu, yenye moto mkali zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, umebadilisha hesabu nzima, rudi mwanzo.

Anza na uzito wa kuanzia, kweli kweli. Jaza tatu, panda nusu greini, jaza tatu nyingine, panda tena, kila kundi kwenye mfuko wake wenye namba. Ukiwa uwanjani piga kutoka chini kwenda juu ukisoma kronografu. Pale namba inapofika kwenye kasi uliyoipata kwa risasi za kiwandani, umefika. Simama, hata kama kitabu bado kinakuruhusu kupanda. Na ukifika uzito wa mwisho wa kitabu kabla ya kasi hiyo, simama vilevile, jaribu baruti nyingine. Kwa .30-06 na greini 150 sitarajii hilo likukute. Ni risasi ya mwaka 1906, imeshafanyiwa kazi kuliko barabara ya Morogoro.

Watu watakwambia utazame dalili za presha: bolti inayonata kufunguka, fataki iliyobapwa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Zitazame, ndiyo. Ila elewa kwamba nyingi zinajitokeza ukiwa umeshavuka, siyo ukiwa unakaribia. Fataki laini inabapwa kwa presha ya kawaida, na ngumu inakaa imenyooka huku bunduki inaumia. Mimi naiamini kasi. Kasi ya ziada hutoka kwenye presha ya ziada, haina duka jingine. Kitabu kikisema uzito fulani unatoa 2,800 na wewe unaona 2,900 kwa mtutu mfupi kuliko wao, usishangilie kwamba bunduki yako ina nguvu, punguza. Kuna risasi za kiwandani, kama Superformance za Hornady hao hao, zinazoahidi futi 100 hadi 200 zaidi ya kawaida. Wanafika huko kwa baruti zilizochaguliwa maalumu na mtutu wenye kihisi. Hizo usizifukuze.

Niseme neno kuhusu dai zako za mtumba, kwa sababu hapa ndipo mgeni anapoharibu maganda mazuri. Maelekezo mengi yanasema zungusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo. Ukifanya hivyo bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni, linaweza kurudishwa nyuma mno. Risasi inaingia chembani ikiwa na nafasi, ukipiga, mbele ya ganda inang'ang'ania ukuta na kitako kinarudi nyuma, shaba inanyooka katikati. Mara tatu, nne, ganda linakatika kichwa na kitako. Weka dai irudishe bega inchi 0.001 au 0.002 tu, basi. Na kila ukitaka kujaza tena, chukua waya wa klipu ya karatasi, unyooshe, upinde ncha kama ndoano ndogo, uuingize ndani ya ganda na kuuburuta kutoka chini kwenda juu ukutani. Ganda zima ni laini kama glasi. Lililochoka, juu kidogo ya kitako ncha inaingia kwenye mfereji, unausikia kidoleni kabla haujaonekana nje. Hilo libonyeze kwa koleo ulitupe, lisije likarudi kwenye kundi. Urefu pia upime: likivuka inchi 2.494 likate lirudi 2.484.

Mezani kopo la baruti liwe moja. Hili nalisema kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliacha baruti kwenye chombo cha kupimia usiku mmoja, mtoto alikuwa na homa, nikakimbia. Asubuhi narudi, makopo mawili yako mezani, yote yamefunguliwa, na sikumbuki iliyomo ni ya lipi. Nilikaa nikazitazama zile punje kama dakika ishirini hivi, nikijishawishi kwamba ni hii, hapana ni ile. Nilikuwa karibu kuirudisha kwenye kopo. Mwishowe iliishia kwenye mchicha, pamoja na baruti ya makopo yote mawili, kwa kuwa sikuwa na uhakika tena hata nayo.

Ukishapata uzito wako, jaza ishirini upige kwenye karatasi kwa yadi 100. Usishangae kundi likigonga inchi moja au mbili pembeni ya pale risasi za kiwandani zinapogonga, hata kama kasi na kichwa ni vile vile. Mtutu unatetemeka kama uzi wa zeze risasi inapopita, na baruti nyingine inautetemesha kwa namna nyingine. Rekebisha darubini, ukubali. Usichanganye tu za kwako na za kiwandani mfuko mmoja siku ya kuwinda.

Na jaribu siku mbili: moja ya joto na moja ya baridi. Wewe unaweka shabaha Agosti, Houston inatokota, halafu unapiga asubuhi ya Novemba huku nyasi zina umande wa barafu. Baadhi ya baruti zinapoteza kasi kwenye baridi na nyingine hazijali sana. Waingereza walilijua hili zamani. Kordaiti ilikuwa inapandisha presha vibaya kwenye jua, wakawa wanajaza risasi za Afrika na India kwa kiasi kidogo zaidi. Risasi za .470 za yule bwana wa Rungwa zilikaa kivulini chini ya kiti cha gari, zimefunikwa gunia lenye maji. Nilidhani ni ushirikina. Basi na wewe usiziache kwenye dashibodi.

Kisheria, hapo ulipo unajijazia zako bila leseni ya serikali kuu, lakini ukianza kuwatengenezea jamaa wa kazini za kuwauzia kama biashara, leseni inahitajika. Na usije ukafikiria kutuma presi Moshi kwa shemeji. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na hutapata nafasi ya kueleza tofauti ya H na IMR kituoni.

Ukishapiga zile kumi za kiwandani nitumie namba zote kumi, siyo wastani tu, pamoja na picha ya vitako vya maganda ikiwa imepigwa kwenye mwanga wa jua kwa pembeni. Na uniambie dai zina jina gani ubavuni. Moja kwenye picha yako, kwa nilivyokuza, inasomeka kama .308, na hiyo ni ya risasi nyingine, haitakusaidia.